Kumbukumbu za wazee wa Kaya: ufunguo ashike nani?

Mzee alitandika mkeka chini ya mkwaju, nami nikaweka simu katikati yetu ikiwa inarekodi. Tulizungumza zaidi ya saa nzima: jinsi alivyokwenda kukata mkonge Vipingo, njaa iliyowakuta akiwa ndiyo kwanza ameoa, siku aliyoingizwa katika kambi, yaani baraza la wazee wa Kigiriama. Alipokaribia mambo yanayosemwa ndani ya Kaya tu, yaani makazi ya kale yaliyozungukwa na msitu, alichukua kata ya pombe ya mnazi, akamimina kidogo chini, kisha akaigusa simu kwa ncha ya bakora. "Hii ilale kwanza, mwanangu." Nikaizima. Yaliyofuata niliyasikia, na siyaandiki.

Kwetu pwani ya Kenya suala hili, nini kirekodiwe na nini kiachwe, linazidi kuwa zito kila tunapomzika mzee. Wamijikenda ni jamii tisa, Wagiriama wakiwamo, na makaya yao yaliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008. Mwaka uliofuata, mila zinazoendana na makaya hayo zikawekwa katika orodha nyingine, ile ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Msitu unaweza kupimwa na kuwekewa mipaka. Maneno ya mzee hayawekewi ua, na vijana wa kuyarithi wako Mombasa, Nairobi na Ghuba wakitafuta riziki.

Wanaotaka kila kitu kirekodiwe sasa hivi wana hoja ya nguvu. Mfikirie Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyewapinga Waingereza. Mwaka 1913 alizunguka Giriama nzima akiwakusanya watu kwa ngoma ya kifudu na kuwalisha kiapo, wanawake cha mukushekushe na wanaume cha fisi, kwamba hawatatoa kodi wala vijana wa kufanya kazi za Mwingereza. Oktoba alikamatwa akapelekwa Kisii, akatoroka, akarudi kwao. Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo, kaya kuu ya Wagiriama, kwa baruti. Majalada ya wakoloni yanayo sehemu kubwa ya habari hizi, ila yaliandikwa na haohao waliomkamata. Machoni mwao alikuwa mchochezi. Kwamba alikuwa mama, mjane na msemaji ambaye watu wazima walitembea siku nzima kumsikiliza, hilo tumelipata kwa wazee waliosimulia na wajukuu waliosikiliza. Lau wangenyamaza, leo tungekuwa na upande mmoja tu wa kesi.

Hata hivyo, mzee anayeizima simu naye si mkaidi. Ana kumbukumbu ya kuibiwa.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili, nguzo za mbao zilizochongwa kuwakumbuka nduguze waliofariki. Kigango hakiuzwi wala hakihamishwi. Kinasimama hapo mpaka kiliwe na mchwa. Aliporudi kumletea mzee picha yake, vigango vilikuwa vimeibwa. Mwaka 1999, katika mkutano wa wasomi huko Marekani, Udvardy aliona kimoja kwenye slaidi: kilikuwa katika makumbusho ya Illinois. Cha pili kikapatikana katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Viliporudishwa kwa familia mwaka 2007, mzee yule alikuwa ameshafariki.

Nimekitafakari kisa hiki mara nyingi, maana kila upande unaweza kukidai. Anayetaka kurekodi atasema: bila ile picha, nani angethibitisha kwamba vigango vile ni vya ukoo ule? Ni kweli, picha ndiyo iliyovirudisha. Anayekataa atasema: vitu vyetu vimekuwa vikichukuliwa, na kinachojulikana kilipo huibwa kwa urahisi. Hilo nalo huwezi kulibisha mbele ya mzee ambaye ameona mashimo matupu mahali palipokuwa na nduguze.

Kuna hoja nyingine inayosahaulika, nayo kwangu ni ngumu kuliko ya siri. Simulizi ikishaandikwa, huganda. Wazee wengi wa Kimijikenda husema walitoka Singwaya, kaskazini. Miaka ya 1970 wanahistoria walivutana juu ya jambo hili: Rodger Morton alidai kwamba taarifa za zamani za karne ya 19 haziitaji Singwaya kuwa asili yao, kwa hiyo simulizi ni ya baadaye, ilhali Thomas Spear, aliyekaa na wazee na kukusanya masimulizi yao, aliitetea. Siingii katika ugomvi wao. Ninachokiona mimi vijijini ni kwamba siku hizi ukimuuliza mzee habari za Singwaya, yawezekana kabisa anakujibu alichosomewa na mjukuu kutoka kitabu cha shule. Zamani kila kaya ilikuwa na namna yake ya kusimulia, na tofauti zile zilikuwa na maana: nani alitangulia kufika, nani alilibeba fingo, ile hirizi ya kuilinda kaya, nani mkubwa kwa nani. Kitabu kikichagua simulizi moja, nyingine zinageuka kuwa makosa.

Sheria haijalala. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi, inayotaka jamii iridhie kabla maarifa yake hayajatumiwa, na inazipa kaunti kazi ya kuweka daftari la maarifa hayo. Kwa karatasi ni jambo jema. Lakini daftari la serikali bado ni kabati ambalo ufunguo wake hauko kijijini.

Na tusijidanganye kwamba adui wa kumbukumbu ni usahaulifu peke yake. Katika Kaunti ya Kilifi wazee wanauawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Huko Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma kinachowahifadhi waliokimbia watoto wao wenyewe. Wapo wanaume wanaopaka nywele rangi wasionekane na mvi. Inauma kusikia tukizungumza juu ya kuhifadhi hekima ya watu ambao hatujawahifadhi wao. Anayeingia kijijini na kinasa sauti pasipo kuliona hili, anavuna shamba linaloungua.

Kwa hiyo nasimama wapi? Nasema turekodi, tena upesi, lakini tuanze na maisha kabla ya siri. Habari za mkonge, njaa, ndoa na mashauri ya kambi hazikatazwi na kiapo chochote, nazo ndizo zinazopotea bila mtu kushtuka. Ya ndani ya Kaya yabaki na njia yake ya kurithishwa, hata kama njia hiyo ni nyembamba na baadhi yatapotea. Hasara hiyo ni ya wazee wenyewe kuichagua. Simulizi ziwe nyingi, hata zikigongana. Zirekodiwe kwa Kigiriama, Kichonyi au Kidigo, maana mzee akihamia Kiswahili kwa ajili ya mgeni, nusu ya methali zake hubaki nyuma. Na nakala ya kwanza ikae nyumbani kwa msimulizi.

Nilirudi kwa mzee na sauti yake ndani ya kadi ndogo ya simu. Aliisikiliza akitikisa kichwa, ameridhika. Mkewe alikuwa kando akipepeta mahindi, na habari ya njaa ilipofika akaweka uteo chini.

"Hakuwepo," akasema. "Alikuwa Vipingo. Tuliokuwa tukichimba mizizi ya kupikia watoto ni sisi wanawake."

Mzee hakubisha. Mama akauvuta mkeka, akakaa, akaitazama simu.

"Washa."