Hilo Ghorofa Lilikula Mifuko Mingapi?

Nimepigwa marufuku kuangalia muvi za vita. Aliyenikataza si daktari wala shehe. Ni watoto wa hapa kwetu Mwanga, Kigoma, wale wa miaka 12, 13, waliomtuma mwenye kibanda umiza, kile kibanda chetu cha kuoneshea muvi, aniambie kwamba fundi akiingia ndani, wao wanadai kiingilio chao kirudi.

Kosa langu ni kuhesabu.

Jamani, mimi ni fundi mwashi. Mkono wangu ukigusa ukuta unajua wenyewe kama saruji iliingia yote au nyingine ilipita njia ya uani usiku. Sasa mtu wa namna hii umkalishe kwenye benchi, umlipishe mia tatu yake, halafu umwoneshe steringi anakuja na helikopta, analitandika ghorofa la watu kombora, ghorofa linashuka lote chini kama mlevi aliyekosa kiti. Kibanda kizima kinashangilia. Mtoto kapanda mabegani mwa mwenzake. Mimi nimeshika kichwa.

"Hilo ghorofa lilikula mifuko mingapi?"

"Fundi, kaa chini!"

"Sikai! Zile nondo mnazoziona zimejikunja ni milimita 16 zote zile, mnajua bei yake?"

Hawajui. Watajulia wapi? Hawajawahi kusimama dukani wakaambiwa bei ya jana ilikuwa ya jana. Sisi Kigoma ni mwisho wa reli. Kila kitu kikifika huku kimeshachoka na kinataka kulipwa uchovu wake. Mfuko wa saruji ukishushwa hapa umesafiri kuliko mimi.

Na mimi mwenyewe nina boma langu kule Gungu. Limeishia linta, mwaka wa saba huu. Fundi anayejengea watu wote mjini, nyumba yake haina hata kenchi moja ya paa. Kwenye chumba nilichokipangia wageni umeota mpapai. Ndiye mgeni wa kwanza, na ameshazaa mara tatu. Mke wangu akitaka kunichoma bila kupandisha sauti, ananiambia tu, "Baba watoto, naenda chumba cha wageni kuchuma mapapai."

Kwa hiyo mkinionyesha mji mzima unabomoka kwa dakika mbili, mkataka nipige makofi, mnanionea.

Halafu hizo kuta zenyewe! Steringi anakimbizwa, mbele ukuta, anaupiga bega, ukuta unafunguka umbo lake, na mikono na miguu. Ukuta gani huo? Huo ni lipu tupu, matofali yalikwenda na mtu. Mara anajificha nyuma ya kochi. Maadui arobaini wanammiminia risasi, kochi halipitishi hata moja. Risasi hizo hizo zikigeukia nguzo ya zege, nguzo inamumunyika kama andazi kwenye chai. Kama mambo ndiyo hayo, basi tuache matofali tujenge kwa makochi.

Kinachoniuma zaidi ni mwisho wake. Mji umekuwa kifusi, magari yamelala matumbo juu, steringi kachubuka kidogo hapa kwenye shavu, anamkumbatia yule dada, muziki, maandishi yanapanda. Ina maana limekwisha. Kumekwisha nini? Koleo liko wapi? Nani anazoa? Mwaka juzi lori la mchanga liliparua kona ya ukuta wa mteja wangu, likaangusha matofali 11. Kumi na moja, niliyahesabu. Tulikaa vikao vinne, balozi wa nyumba kumi akaja, mashahidi wakaja, dereva akasema ukuta ndio uliomfuata. Miezi minane. Mpaka tunamaliza, soda tulizokunywa vikaoni zingejenga ukuta mwingine. Na hayo ni matofali 11. Yule wa helikopta kaangusha ghorofa 40 na hakuna aliyeandika hata namba yake.

Saidia fundi wangu, kijana mpole sana akishashiba, alinionea huruma. "Fundi, usiumie bure. Yale ni ya kompyuta. Hakuna kilichobomoka pale." Nikashukuru Mungu. Nililala vizuri siku tatu.

Siku ya nne tuko kwenye mapumziko, kashika simu yake, anasema, "Ila siyo zote. Sikiliza hii." Ndiyo akanisomea habari ya Spectre, muvi ya James Bond ya mwaka 2015. Kuna sehemu kambi ya maadui inalipuka jangwani. Wakaenda kweli Morocco, wakailipua kweli, na mlipuko huo ukaingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Kilo 33 za baruti na lita 8,418 za mafuta ya taa. Umeungua kwa sekunde saba na nusu.

"Mafuta ya nini?"

"Ya taa, fundi."

Nilikuwa na ugali wa muhogo mkononi, nikaurudisha kwenye sahani. Lita 8,418 ni madumu ya lita 20 zaidi ya 420. Ukigawa kwa zile sekunde, kila sekunde inakunywa zaidi ya lita 1,100. Nimekulia Kibirizi mimi. Enzi za karabai, mtu alikuwa anakwenda kukopa mafuta ya taa kwa chupa, anaapa kwa jina la mama yake, ili ashinde ziwani usiku kucha akivua dagaa. Asubuhi akirudi mtupu anakwepa njia ya duka wiki nzima. Kumbe kuna watu wana madumu 420 na wanayafanyia mchezo wa sekunde saba! Hata chai hawakuchemshia.

Nikamuuliza kwa nini wanatumia mafuta kama baruti wanayo. Hili jibu nilikuwa nalo mwenyewe, nilitaka tu kuona kama analijua. Mtu aliyewahi kwenda kwenye machimbo ya mawe anajua kwamba baruti ya kweli haina urembo. Inapiga *kuu* moja ya ndani, ardhi inakusukuma nyayo, linapanda vumbi la kijivu, mawe yanaanguka, basi. Lile ua kubwa la rangi ya chungwa linalojikunjua taratibu ni mafuta yanayowaka, yamewekwa kwa ajili ya macho yenu. Yaani mnadanganywa kwa mafuta ya taa.

Na mlio nao uongo. Bomu linapasuka mlima wa pili, na mlio unafika hapo hapo pamoja na moto. Haiwezekani. Sauti inatembea mita 340 hivi kwa sekunde. Nikiwa juu ya kenchi naona mwenzangu ng'ambo ya bonde anapigilia msumari, nyundo imeshapanda tena ndipo *ko* ya kwanza inanifikia. Usiku tukikaa ufukweni tunaona radi zinachana milima ya Kongo upande wa pili, ngurumo hatuzisikii kabisa. Nililieleza hili kibandani, kwa ustaarabu, katikati ya muvi. Hiyo ndiyo siku niliyorushiwa ganda la ndizi.

Ila si mimi peke yangu mwenye matatizo. Kuna babu mmoja jirani yetu, alipigana Vita vya Kagera. Wajukuu walimkokota siku moja aje kuona vita vya kisasa. Akakaa mbele, fimbo katikati ya magoti, kimya. Mabomu yakalia saa nzima. Katikati ya mapigano makali kabisa akageuka, akaniuliza kwa sauti kibanda kizima kikasikia, "Fundi, hawa wanakula saa ngapi?"

Nikamwambia, babu, hawali.

"Na viatu hawavui?"

"Hawavui, babu."

Akatikisa kichwa. Yeye ukimuuliza habari za Aprili 1979, Kampala ilipoangushwa, hakuelezi mizinga. Anakueleza malengelenge. Walitembea. Walitembea kwenye mvua, wakasubiri, wakachimba mahandaki, wakatembea tena, na kuna siku chumvi ilikwisha na siku hiyo anaikumbuka kuliko siku ya ushindi. "Hii si vita," akasema akiinuka. "Hawa wanacheza mdako." Wajukuu waliona aibu. Mimi nilimsindikiza mpaka kwake.

Nje ya kibanda hukaa mama anayeuza dagaa wa kukaanga, alivuka ziwa kutoka Kongo mwaka 1996, ule mwaka boti zilikuwa zinafika zimejaa watu usiku na mchana. Nimemchunguza: muvi ikifika penye mabomu mazito, hasemi kitu, anabeba sinia lake anahamia ng'ambo ya barabara. Yakiisha anarudi. Nikamuuliza siku moja, kwa ujinga wangu, kama ile sauti imefanana na ya kweli.

"Wameikosea, fundi," akasema. "Lakini wameikosea kidogo."

Nikanunua dagaa wa elfu mbili ambao sikuwa nimewapangia.

Sasa kinachonitia wazimu ni kwamba sisi hapa Kigoma vita vya dunia tulivipata vya kwetu, na hatukuoneshwa vizuri. Mwalimu mmoja mstaafu, ninayemjengea choo, ndiye aliyenisimulia habari yote ya Liemba. Meli ile Wajerumani waliiunda kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua kipande kipande, wakaipakia kwenye masanduku 5,000, ikaja Dar kwa meli, ikaletwa huku kwa treni, ikaungwa upya hapa hapa. Februari 1915 ikashushwa majini, jina lake Graf von Goetzen. Julai 1916 vita vikawaelemea, ikabidi waizamishe wenyewe adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi wakapaka injini grisi. Grisi, ndugu zangu! Wakaipaka vizuri kila mahali, wakaishusha chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Waingereza wakaja kuiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena, ndiyo hiyo Liemba, ikabeba babu zetu na magunia yao mpaka wajukuu.

Niliposikia ile grisi nilisimama, mwiko mkononi. Yule ni fundi mwenzangu kabisa, hata kama ni Mjerumani. Ameamriwa kuharibu, mkono umekataa.

Mwalimu akasema, watu wa sinema nao waliigusa habari hiyo, kwenye The African Queen ya mwaka 1951. Nikauliza, je, ile grisi ipo? Akacheka. Mle ndani meli ya Wajerumani inagonga kimashua chenye mabomu ya kutengeneza nyumbani, inalipuka, inazama, mambo yamekwisha. Na Humphrey Bogart, aliyecheza steringi, akapewa tuzo ya Oscar. Waliopaka grisi hawakupewa hata soda.

Basi wiki iliyopita mwenye kibanda kanijia nyumbani, mpole, kavua kofia. Mabomu yamempasulia ukuta. Ameleta spika mpya, kubwa kama kabati, ameziegemeza ukutani, na tangu hapo kila kombora likilia lipu inadondoka. Ufa umetoka kwenye dirisha mpaka chini, mkono unaingia. Nikaenda kuutazama, nikaweka timazi, nikatikisa kichwa vile mafundi tunavyotikisa kabla ya kutaja bei. Hela hana. Tukakubaliana saruji anunue yeye, na mimi nilipwe kwa kuingia bure mwezi mzima, watoto watake wasitake.

Kazi nimeifanyia nje, jua linanichapa kisogoni, ndani picha linaendelea. Nachimbua ufa, namwagia maji, nakanda udongo wangu, na kila bomu likilia nashikilia ukuta kwa kiganja nasubiri lipite. Mara ndani kukaanza ule mvumo ninaoujua, wa kitu kirefu kinachoshuka. Halafu kimya. Mtu kasimamisha picha.

Kichwa kidogo kikatokeza dirishani. Ni yule wa ganda la ndizi.

"Fundi. Na hili je, mifuko mingapi?"

Nikaweka mwiko chini, nikajifuta mikono, nikachungulia ndani.

"Rudisheni nyuma kidogo," nikawaambia. "Msingi sikuuona."