Adui anajua tumenunua nini, mlipa kodi ndiye hajui

Jumapili jioni redioni kulikuwa na mjadala juu ya bajeti ya nchi yetu, Kongo. Mgeni alikuwa bwana mmoja wa upande wa serikali, sauti nzito, Kifaransa cha Kinshasa. Mtangazaji akamuuliza swali la kawaida kabisa: pesa za silaha zimefika kiasi gani, na zimenunua nini? Bwana akakohoa. Kisha akasema hiyo ni secret-défense, siri ya ulinzi wa nchi, na anayeuliza mambo hayo wakati nchi imevamiwa, inabidi tujiulize anatumwa na nani. Mtangazaji akacheka kicheko cha mtu mwenye watoto wa kulisha, akakimbilia habari za Mazembe.

Mimi hasira haijaniisha tangu siku hiyo, na naiandika hapa kwa sababu nyumbani wamechoka kunisikiliza.

Kabla hamjaniita kibaraka: silaha zinunuliwe. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata katikati ya Februari, na sidhani kuna mtu anayeamini miji hiyo ingeokolewa na kwaya ya parokia. Shemeji yangu yuko Himbi, hukohuko Goma. Benki zilifunga milango mji ulipoanguka, na akitaka kulipa karo ya mtoto anahangaika na simu na mawakala wanaokata wanavyotaka. Sisi wa Lubumbashi tuko mbali, tunalala usingizi, lakini ni nyumba ngapi hapa zisizo na mtu wao Kivu? Kwa hiyo yule bwana asinifundishe uzalendo.

Swali langu ni moja tu. Siri hiyo inamficha nani?

Adui? Haya, tuone. Januari 2023 Sukhoi-25 yetu ilipigwa kombora angani karibu na Goma, ikatua uwanjani ubavu unawaka. Video ilienea WhatsApp siku hiyohiyo. Aliyerusha kombora lile alijua ni ndege gani na inapita wapi. Zile CH-4 za China, ndege zisizo na rubani, nazo si sindano ya kuficha mfukoni: zinahitaji uwanja, zinahitaji banda, zinapaa watu wakitazama. Na Goma ilipoanguka, silaha ngapi ziliachwa, masanduku ya risasi, magari? Adui hahitaji tena jasusi. Anazo mkononi, anaweza kuzihesabu kwa nafasi yake, hata kusoma zilitengenezwa mwaka gani na wapi.

Kinachobaki siri, basi, ni bei. Bei, na jina la dalali, na asilimia aliyokata. Hayo matatu hayamsaidii adui kulenga hata panya. Yanamsaidia mtu mmoja tu, yule aliyetoa pesa. Ni kama mume anayemficha mke wake mshahara, ilhali kila mhudumu wa baa Katuba anaujua mpaka franka ya mwisho.

Tuseme namba, maana namba zipo, ila hazitoki kwetu. Taasisi ya SIPRI ya Stockholm ilihesabu kwamba mwaka 2023 matumizi ya jeshi letu yalipanda kwa asilimia 105, yakafika dola milioni 794. Hakuna nchi nyingine duniani iliyopanda kwa kasi hiyo mwaka ule, hata wale walio vitani Ulaya. Mimi, mzaliwa wa Kamalondo, nimelijua hilo kutoka Sweden. Na mwaka mmoja na wiki chache baada ya 2023 kuisha, Goma haikuwa tena mikononi mwetu. Sisemi pesa ndizo zilizoiangusha Goma. Nasema mtu aliyetoa pesa hizo ana haki ya kuuliza zilikuwa wapi siku ile.

Desemba 2022 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilifuta sharti la kutoa taarifa kabla ya kutuletea silaha. Tulishangilia, na ilikuwa haki kushangilia, maana lilikuwa jambo la kudhalilisha: nchi huru kubisha hodi New York kabla ya kupokea bunduki. Lakini siku hiyo jicho la nje lilipofungwa, jicho la ndani halikufunguliwa. Sheria ya mipango ya jeshi ya 2022 hadi 2025 ilikuwa imeshapita. Nani amewahi kukuletea hesabu yake, zilizotolewa ngapi, zilizotumika ngapi, kilichofika ni nini?

Niwaambie jinsi serikali inavyolipa pale inapoamua kufuata njia. Kuna hatua nne: engagement, liquidation, ordonnancement, paiement, yaani kuagiza, kuthibitisha, kuamuru malipo, kulipa. Zamani kidogo niliuza viti vya mbao kwa ofisi moja ya serikali hapa mjini. Karatasi nilizopeleka zingejaza gunia la makaa. Siku ya kupokea mzigo, mhasibu, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikalia kila kiti. Kila kiti! Akifika kwenye kimoja anakitikisa, anasikiliza, anarudi nyuma kidogo. Kimoja mguu ulikuwa umelegea. Akakitenga pembeni, akaandika kwenye karatasi, akakataa kusaini mpaka nilipokuja na gundi na misumari. Nilimlaani kimoyomoyo njia nzima. Leo namkumbuka kwa heshima. Alikuwa anatimiza hatua ya pili: kuthibitisha kwamba kitu kilicholipiwa kimefika, na kimefika kizima.

Sasa nani anakalia sanduku la risasi?

Maana matumizi ya vita yanapita njia nyingine, ile wanayoiita procédure d'urgence. Lipa kwanza, karatasi zitafuata. Na sheria ya masoko ya serikali ya 2010 nayo imeacha mlango kwa mikataba ya ulinzi inayodai siri. Dharura ya wiki moja naielewa. Lakini Mashariki tuko vitani tangu miaka ya tisini, na dharura ya miaka thelathini jina lake ni desturi. FMI yenyewe, Shirika la Fedha la Kimataifa, imekuwa ikilalamikia njia hiyo mwaka baada ya mwaka kwenye ripoti zake. Ndiyo, FMI. Kwa hiyo mtu wa Washington akitaka jedwali la matumizi ya usalama anawekewa mezani na kahawa juu yake, lakini mama anayelipa kodi ya soko kila asubuhi pale mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi akiuliza, anaulizwa yeye anatumwa na nani.

Tazama pia kesi kubwa tulizozifuatilia. Kesi ya Siku 100, ule mpango wa kwanza wa Rais, mwaka 2020, Kamerhe, mkuu wa ofisi yake, kizimbani: nyumba za kuunganisha. Akahukumiwa, baadaye 2022 rufaa ikamfutia hatia. Shamba la serikali la Bukanga-Lonzo, Matata Ponyo, waziri mkuu wa zamani, Mei 2025, miaka 10: mahindi. Mutamba, aliyekuwa waziri wa sheria, Septemba 2025, miaka 3, dola milioni 19: gereza la Kisangani. Kila mtu ana lake la kusema juu ya hukumu hizo, na mimi nina yangu, lakini si ya leo. Ninachotaka mkione ni kwamba kulikuwa na karatasi. Mkataba upo, akaunti ya benki ipo, tarehe ipo, hakimu anauliza, mshtakiwa anatoka jasho. Najua maofisa kadhaa wamekamatwa Ituri juu ya pesa za askari, nimeyasoma. Ila hakimu akimuuliza mtu mbele ya kamera bei ya kombora moja na nani alilileta? Hilo sijaliona. Ama wanaonunua silaha wote ni malaika, ama hawana karatasi.

Watanzania wanajua mwisho wa hadithi za namna hii. Walinunua rada kwa BAE ya Uingereza, pauni milioni 28, Benki ya Dunia ikisema ni ghali mno, hata waziri wa Kiingereza, Clare Short, akipiga kelele. Wakubwa wa Dar wakajibu kwa majivuno: mambo ya usalama. Mwaka 2010 BAE ikakubali yaishe, ikatoa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania, zikanunua vitabu vya shule na madawati. Lakini angalia nani aliyeifumua kesi: wachunguzi wa London. Bila wao rada ingebaki ya usalama mpaka leo.

Sawa, kuna siri za kweli, nakubali kwa shingo upande. Tarehe ya mzigo kufika ni siri. Ghala liko wapi ni siri. Hata idadi ya makombora iwe siri, sitalia. Na msiniambie habari za Marekani, najua Pentagon inashindwa ukaguzi kila mwaka tangu 2018 ilipoanza kukaguliwa yote kwa jumla. Tofauti ni kwamba tunajua imeshindwa. Wameiandika, wameichapisha, mtoto wa shule anaweza kuisoma.

Wazee wa hapa Katanga wana kumbukumbu yao. Mobutu alinunua ndege za kivita za Mirage kwa Wafaransa miaka ya sabini, zikapita juu ya gwaride, watu wakapiga makofi. Kisha ikaja Vita ya Siku 80 mwaka 1977, waasi walipovamia kutoka Angola, ikabidi Wamoroko waletwe. Mwaka uliofuata Kolwezi ikaangukia mikononi mwa waasi, ikabidi Legion ya Ufaransa iruke na miavuli. Mirage zilikuwepo wakati huo wote! Na Oktoba 1991, waliovunja maduka ya Lubumbashi walitanguliwa na watu wenye magwanda, watu ambao mshahara wao haukutosha hata unga wa wiki. Kinshasa Januari 1993 ikawa hivyohivyo: askari walilipwa kwa noti ya zaïre milioni 5 ambayo wafanyabiashara waliikataa, bunduki zikageukia mji. Ndege ya mamilioni juu, chini yake mtu mwenye njaa na kalashnikov. Tumeshaiona bajeti ya namna hiyo.

Jirani yangu, mume wake yuko mstari wa mbele Kivu ya Kusini. Buti alizoondoka nazo zilinunuliwa sokoni, kwa pesa ya mke. Nilikuwepo wakati anamfungia kamba kuzijaribu. La kushoto lilikuwa linabana, wakaliweka gazeti lenye maji usiku kucha lipanuke. Juzi nilimuuliza mke juu ya solde, mshahara wa askari:

"Mama, solde ilitoka?"

"Ilitoka, papa. Lakini bakakata."

"Banakatia nini?"

"Siye hatuulizake."

Machi 2025 Rais alitangaza mishahara ya wanajeshi na polisi ipandishwe mara mbili. Vizuri sana, napiga makofi kwa mikono miwili. Lakini kati ya tangazo la Kinshasa na mfuko wa yule mama kuna njia ndefu yenye viti vingi. Tunajua njia hiyo inaweza kufupishwa, maana ilishafanyika: Wazungu wa EUSEC, ujumbe wa Umoja wa Ulaya kwa jeshi letu, kuanzia 2006 walisaidia kutenganisha njia ya amri na njia ya mshahara, askari wakahesabiwa, wakapewa kadi, baadaye pesa zikaanza kupitia benki. Zikaonekana listi zilizojaa majina ya watu wasiokuwepo. Jeshi halikuanguka kwa sababu lilihesabiwa. Adui hakupata faida yoyote. Waliopata hasara ni makamanda waliozoea kupokea mshahara wa marehemu.

Juu ya mamluki wa Romania waliokodiwa upande wetu sitasema mengi. BBC iliandika mikataba ya wakubwa wao ilianzia dola 5,000 kwa mwezi, na Goma ilipoanguka karibu 300 wao walivuka mpaka kwenda Rwanda, wakapanda ndege, kwao. Hesabu ifanye mwenyewe.

Na tusijidanganye kwamba pesa hizi ni za Kinshasa. Malori ya shaba na kobalti yanayojipanga kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndiyo yanayolisha bajeti hiyo. Kwenye mrabaha wa madini peke yake, nusu inakwenda serikali kuu, na sisi huku tunabaki na vumbi na barabara ya kuvunja springi. Sijakataa. Nchi ni moja, Kivu ni nyumbani. Lakini mimi nikichangia msiba nataka kuona daftari, na hakuna marehemu aliyewahi kudhalilika kwa sababu ya daftari.

Katiba inadai muswada wa bajeti ufike Bungeni si baada ya tarehe 15 Septemba. Kisha miezi mitatu ya mjadala, ambapo nusu ya hotuba ni za kumsifu aliyeleta. Bunge lina kamati ya ulinzi na usalama. Linaweza kukaa huis clos, milango imefungwa, simu zote zikaachwa nje kwenye kikapu. Mahakama ya hesabu, Cour des comptes, ipo na mahakimu wake wameapa. Hakuna sheria mpya inayohitajika, wala semina ya siku tatu kwenye hoteli ya Kinshasa. Wawekwe watu wachache chumbani, waletewe mkataba mmoja mmoja, waulize iliagizwa nini, imelipwa ngapi, imefika nini, na dalali ni nani. Halafu watutolee jumla tu. Jumla! Sitaki kujua kombora limelala ghala gani.

Desemba wabunge wetu wa Haut-Katanga watarudi kula sikukuu. Utawakuta kwenye misa, kwenye harusi, mtaa wa Golf wakioshewa magari. Wasalimie, waulize habari za watoto, kisha waulize hivi: risasi za mwaka huu, karatasi ya kupokelea ilisainiwa na nani? Akikuambia ni siri, muulize kama yeye mwenyewe anajua.