Kimbunga kushuka daraja sio kupungua hatari

Kila kimbunga kikikaribia pwani lazima uone watu wanaandika "ah kimeshuka toka daraja la 5 hadi la 3, tushukuru Mungu", halafu wanaendelea na mambo yao. Hiyo ahueni ndo inayoniumiza.

Ile skeli ya Saffir-Simpson inayotoa hizo daraja ina kazi yake, sikatai. Moja mpaka tano kila mtu anaelewa, na upepo wa daraja la 5, km 252 kwa saa kwenda juu, unang'oa nyumba. Tena tangu 2010 Wamarekani wenyewe waliondoa humo habari ya maji ya bahari kupanda, wakasema inapima upepo basi, kwa hiyo hata kuilaumu ni kuionea.

Lakini angalia ndani kunatokea nini. Upepo mkali kuliko wote uko kwenye ukuta wa jicho, ule mduara wa mawingu marefu unaozunguka katikati. Kimbunga kikikomaa, mara nyingi mikanda ya mvua ya nje inajikusanya inakuwa ukuta wa pili, huo unamnyang'anya mwenzie wa ndani hewa yenye unyevu mpaka anakufa, upepo wa juu kabisa unashuka, namba nayo inashuka, watu wanashusha pumzi. Kumbe upepo umetanuka, sasa unasukuma eneo kubwa zaidi la bahari, na ukuta mpya ukianza kujibana nguvu zinaweza kurudi.

Mimi kila siku narudi kwa vimbunga viwili vya Marekani, Camille na Katrina. Camille kilipiga pwani ya jimbo la Mississippi 1969 kikiwa daraja la 5, ila umbo lake dogo, maji yakapanda kama mita 7.5. Katrina 2005 kilikuwa cha 5 huko baharini, ukuta wake wa ndani ukamomonyoka, kikatua kikiwa cha 3, na pwani ileile maji yakafika kama mita 8.5. Cha 3 kimekipita cha 5! Maji yaliyokwisha kusukumwa muda wote ule hayarudi nyuma eti kwa sababu upepo umelegea masaa machache ya mwisho. Na kuna watu waligoma kuhama kwa sababu nyumba ilivumilia Camille, sasa hiki cha 3 kitawafanya nini, maji yakawakuta humohumo ndani.

Namba ibaki, ila itajwe pamoja na upana wa upepo toka katikati na maji yatapanda mita ngapi. Marekani tangu 2017 wanatoa onyo la maji kando na lile la upepo, kazi nzuri kabisa, lakini habari ikisambazwa kwenye simu za watu kinachobaki ni ile namba tu.