Waliwapeleka Saanane, hawakuiona

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alirudi kutoka ziara ya shule kisiwani Saanane, hapa kwetu Mwanza, Ziwa Victoria. Nilikuwa nimemsubiri kwa hamu, maana mimi ndiye niliyemlipia. Nikamuuliza ameona nini. Akafikiri kidogo. "Tumeona lango, Shangazi. Tukapiga picha. Halafu tukala pilau, mziki ukapigwa, tukarudi kwenye boti."

Na njia ya kuzunguka kisiwa? "Mwalimu alisema ni mbali, tutachoka."

Nilishindwa kulala kwa neno hilo. Hifadhi nzima ya Saanane, ukijumlisha na maji yake, ni kilomita za mraba 2.18, ndogo kuliko hifadhi zote za taifa nchini. Na mtoto anayeambiwa atachoka anakaa Mabatini, mtaa wetu wa vilima vya mawe. Kila jioni anapanda mawe na ndoo kichwani, maji hayamwagiki. Miguu yake inajua mawe kuliko ya mtalii yeyote aliyeshuka uwanja wa ndege na viatu vya laki mbili.

Jumamosi iliyofuata nikampeleka mwenyewe. Boti ya asubuhi kutoka Capri Point, dakika chache tu, jua bado halijakolea. Tulipoanza kupanda alikuwa mbele yangu na mbele ya mhifadhi, anaruka kutoka jiwe hadi jiwe. Kuna mahali miamba imeachana kwa upana wa bega, unapita ubavuubavu, kiganja kimegusa granaiti ambayo bado ina baridi ya usiku. Pale akasimama. "Nani aliyapanga?"

Hilo ndilo swali nililolifuata. Mhifadhi, kijana mpole sana, akachuchumaa akamweleza: mwamba huu uliganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Ukapata nyufa, maji yakapenya kwenye nyufa na kuuozesha polepole, mvua ikaja kuosha udongo, na yale mapande magumu yakabaki yamebebana hivi tunavyoyaona. "Hata ya kwetu?" akauliza. Hata ya kwenu, mama. Hata lile lililo nyuma ya choo chenu.

Mtoto amezaliwa juu ya mawe haya. Amefundishwa kwamba ni kero: yanazuia barabara, yanapasuliwa kokoto, ndoo ikianguka juu yake inapasuka. Tunajiita Jiji la Miamba, tunalipiga picha jiwe la Bismarck kila siku, lakini watoto wetu hakuna aliyewaambia mawe yametoka wapi. Saanane mwamba bado upo kama ulivyokuwa, na kuna mtu wa kueleza. Mtoto akikaa kwenye meza ya chakula hawezi kulipata hilo. Linataka apande, aguse, achoke kidogo, aulize.

Juu kidogo akaniuliza nani kamwaga chokaa kwenye jiwe. Ilikuwa michirizi myeupe, minene, inateremka hadi chini. Ni mikojo ya pimbi, kizazi baada ya kizazi wanakojoa palepale, ikikauka inaacha weupe. Pimbi wenyewe walikuwa juu ya jiwe la pili wanaota jua, na aliposikia kwamba jamaa wa karibu wa hao ni tembo, aliniangalia mimi kwanza kuhakikisha hadanganywi.

Halafu mjusi kafiri. Dume, kichwa hadi mabega rangi ya waridi, kuanzia hapo hadi mkia bluu, anainuka na kushuka kwa mikono yake ya mbele. Mabatini anapigwa mawe, mchana kutwa. Wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, jina la mji wetu, tangu 1923. Mtoto akarudia mara mbili kimyakimya, "mwanzae, mwanzae." Siku mbili baadaye nilimwona amemshika mdogo wake mkono uliokuwa na jiwe.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba mwalimu ana hofu zake. Watoto wengi, walimu wachache, na mamba wapo ukingoni. Mzazi akipotelewa na mwanawe hatamfuata mhifadhi, atamfuata mwalimu. Lakini hofu hiyo inatibiwa kwa kupunguza idadi na kwenda na wahifadhi, ambao ni kazi yao. Spika nazo zibaki mjini. Chupa zirudi na aliyekuja nazo.

Baba yangu alipelekwa pale akiwa mwanafunzi, enzi za bustani ya wanyama iliyoanzishwa 1964, miaka mingi kabla kisiwa hakijawa hifadhi ya taifa mwaka 2013. Alitembea kisiwa kizima. Hadi uzeeni alikuwa akituambia habari za Mzee Saanane, mkulima na mvuvi aliyekipa kisiwa jina. Huyu mjukuu wake, tulipofika juu na ghuba yote ikawa chini yetu, furukombe analia kwenye mti wa mkuyu, alinigeukia akaniuliza kwa dhati kabisa: "Shangazi, hapa ndipo tulipokuja na shule?"

Nimekwenda kuonana na mwalimu. Nimemwomba ziara ijayo watoto wawe kumi na watano kwa kila mhifadhi, wawahi boti ya kwanza, wavae kofia na raba, wabebe maji, na pilau liliwe wakishamaliza kuzunguka. Nimejitolea kwenda nao, kukaa nyuma na wanaochelewa. Amesema atanipigia.