Maneno ya Kiingereza yenye maana mbili kinzani: hatari iko wapi hasa?

Wapo wahariri wa mikataba wenye ushauri mmoja kuhusu sanction, oversight na table: yaepuke yote. Neno linalobeba maana na kinyume chake, wanasema, halifai kwenye waraka unaoweza kumfikisha mtu mahakamani. Hofu hiyo ina msingi.

Hata hivyo maneno haya yanalaumiwa kupita kiasi, kwani sentensi yenyewe huwa imeshakata shauri. Sanction ikifuatiwa na tendo, kama mauzo au ujenzi, kwa kawaida ni kuidhinisha. Ikifuatiwa na mtu, kampuni au nchi, ni kuadhibu. Wingi wake, sanctions, karibu daima ni vikwazo. Oversight ikifuatwa na of ni usimamizi. An oversight ni jambo lililompita mtu bila kuliona. Dust the cake with sugar ni kunyunyizia keki sukari. Dust the shelf ni kufuta vumbi. Anayekosea hapa amesoma neno akaruka majirani zake. Panapoteleza kweli ni tendo likiwa lenyewe kosa: sanction misconduct yaweza kusomeka kuwa ni kulibariki. Hapo andika punish.

Table ni shauri jingine, na ndiyo pekee ningeipiga marufuku. To table a motion huandikwa vilevile London na Washington, lakini London ni kuleta hoja ijadiliwe, Washington ni kuiweka kando. Churchill alisimulia katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili jinsi maafisa wa Uingereza walivyotaka waraka wao ushughulikiwe haraka, wakatumia neno hilo. Wamarekani wakaelewa kwamba unafungiwa kwenye droo. Yakazuka mabishano marefu, tena makali, kati ya watu waliotaka jambo lilelile. Hakuna mhariri ambaye angewaokoa kwa sarufi, maana kila upande ulisema Kiingereza sahihi cha kwao.

Mfasiri wa Kiswahili ana mtego wa ziada. Bunge la Tanzania lilirithi utaratibu wa Uingereza, na hati huwasilishwa mezani. Akikutana na muswada uliokuwa tabled katika Kongresi ya Marekani, mkono hukimbilia "umewasilishwa mezani", na msomaji hupewa habari iliyopinduliwa. Aandike "umewekwa kando", na jina la Kongresi liwe kwenye sentensi hiyohiyo.