Arifureta: Walimtupa Shimoni Kabla Hatujamjua

Yale madubwana yaliyochorwa kwa kompyuta tumeyacheka vya kutosha. Tangu Julai 2019, anayetaja Arifureta, ile anime (katuni ya Kijapani) iliyotokana na riwaya, huanza na mbwa mwitu wanaoteleza juu ya mawe kana kwamba wamebandikwa kwa gundi, na dubu asiye na uzito. Ni kweli, yanaumiza macho. Lakini mimi ningeyasamehe. Nimevumilia anime zenye sura mbaya zaidi kwa sababu hadithi ilinishika. Nisichoweza kusamehe ni kwamba watengenezaji walimtupa mhusika mkuu, Hajime, shimoni kabla hatujamjua.

Kwa asiyesoma riwaya za Ryo Shirakome: darasa zima la wanafunzi wa Kijapani linavutwa hadi dunia ya Tortus kupigana vita isiyowahusu. Kila mmoja anapewa bamba linaloonyesha kazi yake na uwezo wake. Kouki, kipenzi cha wote, anatokea kuwa Shujaa, na kila alama yake ni 100. Hajime Nagumo anapata 10. Nguvu 10, wepesi 10, uchawi 10, kumi kumi mpaka chini, kama ripoti ya shule unayoificha mzazi asiione. Kipaji chake ni kubadili maumbo ya mawe na madini, yaani uhunzi tu. Na hilo neno “arifureta” maana yake ni kitu cha kawaida, kilichojaa kila mahali. Jina lenyewe la kitabu limeahidi kutuonyesha mtu wa kawaida kwanza.

Kitabu kinatimiza. Tunamkuta Hajime maktaba akisoma tabia za madubwana, kwa kuwa mwilini hana cha kujivunia. Tunaona wenzake wakimtandika kwa kisingizio cha mazoezi. Usiku kabla ya kushuka kwenye mapango ya Orcus, Kaori, msichana wa darasani kwake, anamfuata chumbani, kaogopeshwa na ndoto, na anamwahidi kumlinda. Halafu ndiyo daraja. Mwanafunzi mmoja mwenye tamaa anagusa jiwe linalong'aa, wote wanajikuta juu ya daraja, ghorofa ya 65 ya mapango, mbele ya dubwana Behemoth. Anayebaki nyuma kulibana jitu lile miguu ndani ya mawe ili wenzake wakimbie ni nani? Yule yule wa kumi kumi. Anapogeuka naye akimbie, mpira mmoja wa moto kati ya ile inayorushwa kumkinga unapinda njia na kumfuata yeye. Nilipofika hapo niliweka simu chini kwanza.

Anime inaanza Hajime yuko chini tayari, ameshaanguka kutoka darajani. Hayo yote niliyosimulia yamekatwakatwa vipande vya kumbukumbu, vinapita kasi huku ukihangaika na manukuu. Mdogo wangu, ambaye hakuwa amesoma neno, aliniuliza, “Kaka, huyu jamaa kamkasirikia nani?” Nikasimamisha video, nikaanza kumweleza. Nilieleza muda mrefu. Bando langu linaliwa na mimi ndiye ninayesimulia!

Hasara yake ni kubwa. Mkono wa kushoto unaliwa, njaa inamfanya atafune nyama yenye sumu, mwili unapasuka na maji ya uponyaji yanauunga upya, nywele zinageuka nyeupe. Kitabuni mambo hayo yanatisha kwa sababu tunamjua mpole aliyekuwa akiomba radhi hata asipokosea. Kwenye skrini nywele nyeupe ni mtindo tu, na bastola anayojiundia ni bastola. Toshinari Fukamachi, mwigizaji wa sauti ya Hajime, anajitahidi mno kuikwaruza sauti yake, maskini, lakini ile sauti ya kwanza hatujaisikia vya kutosha tukaipoteza.

Najua utengenezaji ulikuwa na misukosuko. Ilipangwa Aprili 2018, ikasogezwa mwaka mzima na zaidi, mwongozaji na msimamizi wa maandishi wakabadilishwa, studio ya Asread ikaingia pamoja na White Fox. Haya. Ila White Fox hiyo hiyo, mwaka 2016, ilimpa Subaru, mhusika mkuu wa anime ya Re:Zero, sehemu ya kwanza ya karibu dakika 50 ili aonyeshe vizuri jinsi asivyo na faida. Kwa hiyo huwezi kuniambia hawakujua. Nahisi walitaka kuwafikia upesi Yue, Shea na Tio, wasichana wanaoandamana na Hajime baadaye, maana hao ndio wanaouza mabango.

Na waliuza, bila shaka. Msimu wa pili ulikuja Januari 2022, wa tatu Oktoba 2024, na mdogo wangu kafuatilia yote kwa ajili ya masikio ya sungura ya Shea. Simlaumu. Mwezi uliopita hatimaye nilimsukuma aanze juzuu la kwanza. Juzi akaniandikia, “Kaka, mbona huyu dogo ni mpole hivi?”

Alikuwa bado hajafika darajani.