Ukuta mweupe, kingo za zambarau

Jamani, hii lenzi pana ya kamera, ya milimita 15, inanitesa! Jana jioni nilisimama mbele ya Boma la Mikindani, lile la 1895, kuta nyeupe pee. Kamera yangu ni renjifainda, ile ya kutazama na kulenga kupitia kidirisha cha pembeni badala ya lenzi yenyewe; kidirisha hicho kinaonyesha upana wa lenzi ya milimita 28 tu, kwa hiyo napata fokasi hapo, kisha nahamisha jicho kwenye kitazamio cha ziada kilichopachikwa juu ya kamera kupanga picha. Binti mwenye ndoo kichwani, niliyemsubiri muda wote, keshapita.

Nyumbani nafungua kompyuta: katikati safi, kingoni zambarau. Sehemu ya nyuma ya lenzi iko karibu mno na sensa, kile kibamba cha kidijitali kinachopokea mwanga, hivyo mwanga unaipiga pembeni kimshazari. Filamu iliyavumilia hayo. Sasa nakaa usiku kucha kuurudishia ukuta weupe wake, picha moja moja.